Masta na PhD za usanifu majengo, sanaa na insia: maswali ninayoulizwa kila siku

Haya maswali nayapokea karibu kila wiki, kwenye meseji, kwenye simu, saa ingine mtu ananivuta pembeni kabisa baada ya kikao. Mengi nimeyajibu mpaka majibu yamekaa mdomoni, kwaiyo nimeona niyaweke sehemu moja. Kuhusu mimi kwa ufupi: digrii ya kwanza usanifu majengo, masta historia ya usanifu, PhD nikaimalizia idara ya insia, na siku hizi nakaa upande wa pili wa meza nasoma maombi ya wengine. Nimeshakataliwa na nimeshakataa, pande zote mbili nazijua.

Insia ndo nini, na kwa nini inawekwa kapu moja na usanifu majengo?

Insia ni yale masomo yanayomsoma binadamu kupitia alichosema, alichoandika, alichoamini na alichotengeneza: historia, fasihi, falsafa, isimu, dini, historia ya sanaa na wenzao. Sanaa zenyewe, yaani uchoraji, uchongaji, muziki, maigizo, filamu, uandishi wa kubuni, zinakaa jirani. Usanifu majengo ndo yule mtoto asiyejulikana alale nyumba gani, maana jengo ni hesabu za nguzo na ni historia na ni sanaa vyote kwa pamoja, kwaiyo kila chuo kinaamua chenyewe. Cambridge wameuweka pamoja na historia ya sanaa ndani ya kitivo kimoja, chini ya shule yao ya sanaa na insia. Kwingine unaukuta na uhandisi, kwingine na mipango miji.

Usipite hapo haraka. Idara ilipopangwa ndo inakuonyesha utasoma nini na nani. Ikiwa imekaa na wahandisi tegemea mambo ya nishati, vifaa na miundo, ikiwa imekaa na wanahistoria tegemea nyaraka na nadharia. Nimeona mtu kaja na hamu ya kusoma joto linavyopita kwenye kuta akaishia mikononi mwa walimu watano wote wa historia, mwaka mzima analalamika na walimu wenyewe hawana la kumsaidia.

MA, MPhil, MFA, MArch... zote si masta tu?

Zote masta ila kazi yake tofauti. MA ni ya kusoma kozi na kumalizia na tasnifu fupi, ndo ya kawaida kwenye insia. MPhil kwa vyuo vingi imeelemea utafiti na wengi wanaitumia kama ngazi ya kupandia PhD. MFA ni ya wasanii wanaofanya sanaa yenyewe, mchoraji, mpiga picha, mwandishi wa hadithi, na kwa Marekani MFA ya studio inahesabika ndo digrii ya juu kabisa ya fani hiyo, inakuruhusu kufundisha chuo kikuu bila PhD. Uandishi wa kubuni nao umo humo humo, warsha ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa ipo toka 1936 kwaiyo sio mtindo wa jana. MArch ni ya kuwa msanifu majengo, kwa kawaida, na hilo "kwa kawaida" ndo balaa lenyewe, soma swali linalofuata.

Urefu nao unatofautiana. Uingereza masta nyingi za kusoma kozi ni mwaka mmoja. Ulaya bara wanahesabu kwa krediti za ECTS, mwaka mmoja wa masomo kamili ni krediti 60, na masta nyingi zinakuwa krediti 90 mpaka 120. Marekani miaka miwili ndo kawaida, na MFA saa ingine inafika mitatu.

Nataka kusajiliwa kama msanifu majengo. Masta yoyote ya usanifu inatosha?

Hapana. Hapana kabisa. Hili ningeliandika kwa herufi kubwa ukurasa mzima kama ningeweza.

Kuna masta ya kitaaluma inayokupeleka kwenye leseni, na kuna masta ya utafiti au ya mtu ambaye tayari anayo digrii ya kitaaluma anataka kujinoa zaidi. Kwenye tovuti zinafanana sana, zote zina picha za studio nzuri na vijana wanacheka na modeli za mbao mkononi. Marekani bodi inayoidhinisha programu inaitwa NAAB, na digrii zinazopita kwao ni BArch (digrii ya kwanza), MArch (masta) na DArch (ya udaktari) tu, tena sio kila MArch inayotolewa na chuo imeidhinishwa. Kwaiyo unaweza kukuta chuo kimoja kina MArch iliyoidhinishwa na pembeni yake masta nyingine ya mwaka mmoja ambayo haikusogezi hata hatua moja kwenye leseni. Baada ya digrii unadaiwa masaa ya uzoefu kazini, 3,740 kwa utaratibu wa NCARB, lile baraza la bodi za usajili wa wasanifu huko, alafu mtihani wa leseni unaoitwa ARE, wenye sehemu sita.

Uingereza jina lenyewe "architect" linalindwa na sheria ya 1997, huwezi kujiita hivyo bila kuwa kwenye daftari la ARB, bodi yao ya usajili wa wasanifu. Njia iliyozoeleka ni Sehemu ya 1 (digrii ya kwanza), Sehemu ya 2 (mara nyingi MArch ya miaka miwili) na Sehemu ya 3 (mtihani wa kitaaluma baada ya kazi), ingawa huo mfumo unabadilishwa hatua kwa hatua, kwaiyo ingia kwenye tovuti ya ARB wenyewe usiishie kwa mtu aliyesoma zamani, mimi nikiwemo. Umoja wa Ulaya nao wana kipimo chao cha kutambuana: miaka mitano ya kusoma, au minne ya kusoma na miwili ya mazoezi ya kazi chini ya usimamizi.

Ushauri ni huu: anza na bodi ya nchi unayotaka kufanyia kazi, uwaulize wanatambua digrii zipi, ndo urudi nyuma kutafuta chuo. Watu wengi wanafanya kinyume, wanapenda chuo kwanza, miaka miwili baadae ndo wanaiuliza bodi.

Digrii yangu ya kwanza sio ya usanifu. Nimeshachelewa?

Bado. Marekani kuna MArch iliyotengenezwa kwa watu kama wewe, mtu katoka biolojia, kiingereza, uhasibu, anasoma karibu miaka mitatu mpaka mitatu na nusu, wakati yule mwenye digrii ya awali ya usanifu anasoma kama miwili. Watakuomba potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako, hata hivyo ila hawategemei plani na seksheni (michoro ya jengo lilivyo ukiliangalia toka juu au likiwa limekatwa), wanataka kuona jicho na mkono: michoro ya penseli, picha, useremala, nguo ulizoshona, chochote kinachoonyesha unafikiri kwa kutengeneza. Kuhamia insia ni rahisi zaidi, mtu wa sheria akienda historia hakuna anayeshangaa.

GPA yangu ya kawaida tu, nijaribu?

Jaribu. Vyuo vina kiwango cha chini na ukiwa chini yake fomu inaweza isifike kwa mwalimu, huo ni ukweli. Ila ukishavuka mstari, kwenye fani zetu hizi gpa inashuka daraja haraka sana mbele ya maandishi yako na potifolio. Mwaka mmoja mbaya ueleze kwa sentensi mbili na uendelee na mambo mengine, usituandikie ukurasa mzima wa kujitetea.

Swali la utafiti linapatikanaje? Kila nikiandika naambiwa "pana sana"

Hapa ndo pa kukaa, maana kama kuna kitu kimoja kinachomtenga anayepata na anayekosa ni hiki, na sisemi gpa wala jina la chuo ulikotoka. Ni kama una swali au una mada tu.

Mada ni "nyumba za gharama nafuu". Mada ni "mchango wa wanawake kwenye fasihi". Hizo ni makabati, sio maswali, unaweza kutia chochote ndani. Swali ni kitu ambacho jibu lake hulijui na kuna mahali unaweza kwenda kulitafuta, yaani nyaraka, watu, majengo, maandishi yanayoshikika.

Mfano ninaoupenda mpaka wanafunzi wangu wamechoka kuusikia. Huko Pessac, karibu na Bordeaux Ufaransa, msanifu maarufu Le Corbusier alijenga mtaa wa nyumba kama hamsini, zikakamilika 1926. Paa bapa, madirisha marefu ya mlalo, nafasi wazi chini, ule usasa wenyewe. Wakazi walivyohamia wakaanza zao. Wengine wakaziba zile nafasi wazi wakapata chumba, wengine wakapunguza dirisha refu likawa dirisha la kawaida, wengine wakapandisha paa la mteremko juu ya lile bapa. Mtu wa mada angeandika "umuhimu wa Le Corbusier katika usanifu wa karne ya 20" na hakuna angemaliza kuisoma. Mtafiti Philippe Boudon yeye akauliza ivi hawa watu walibadilisha nini hasa, na kwa nini, akaenda akawasikiliza, akapima, akachora nyumba moja moja ilivyokuwa na ilivyo. Kazi ikatoka 1969 na mpaka leo walimu wa usanifu wanaitumia, kwa sababu iligeuza lawama kuwa swali: badala ya kusema wakazi wameharibu jengo, unauliza jengo liliwaruhusu kufanya nini. Siku hizi huo mtaa umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, toka 2016, na sasa swali limegeuka tena, unahifadhi nyumba ya msanifu au unahifadhi ya mkazi? Ona hapo, mtaa mmoja umezaa PhD tatu bila kuondoka kwenye kiti.

Kwaiyo ukiambiwa pana sana usiongeze maneno, punguza. Chagua jengo moja au miaka kumi au gazeti moja. Alafu jijaribu hivi: andika swali lako kwenye kikaratasi, chini yake andika "ili nijibu nitaenda kufungua..." na umalizie sentensi. Ukishindwa kuimalizia bado una mada.

Nimwandikie mwalimu kabla ya kuomba?

Kwa PhD ndio, karibu lazima, hasa mfumo wa Uingereza na nchi zinazofanana ambako msimamizi mmoja ndo anakubeba toka mwanzo. Marekani inategemea na idara, nyingi uamuzi ni wa kamati ila kujitambulisha hakuui mtu. Kwa masta ya kozi sio lazima.

Barua pepe iwe fupi, aya tatu zinatosha. Nazopokea mimi nyingi zinaanza "Mheshimiwa Profesa mashuhuri duniani, nimevutiwa sana na kazi zako" na haitajwi kazi hata moja, hizo najua imetumwa kwa watu mia. Iliyonifanya nijibu siku hiyo hiyo ilianza, nakumbuka karibu neno kwa neno, "Kwenye makala yako umesema ramani za ule mji zilichorwa upya mara mbili, mimi nimeona ya tatu kwenye nyaraka za kanisa, nakutumia picha." Nilisimama nikaenda kutafuta miwani. Huyo alishaanza kazi kabla hajapewa nafasi.

Usipojibiwa wiki mbili kumbusha mara moja, kwa upole. Akikaa kimya tena basi hamia kwa mwingine, na usichukulie vibaya, walimu tunazama kwenye imeli.

Potifolio iwe na kurasa ngapi?

Fuata walichoandika. Wakisema 20 ni 20, wakisema faili lisizidi megabaiti fulani mfumo utalikataa kweli, sio utani. Mimi ya kwanza ilikuwa na kurasa 84. Nilitia kila kitu, mpaka michoro ya mwaka wa kwanza ya kujifunzia kivuli cha mchemraba, saa tano usiku siku ya mwisho mfumo unanirudishia faili, nikaanza kulibana mpaka mistari yangu yote myembamba ikapotea ikabaki ukungu, na ndivyo ilivyofika kwao. Walinikataa na nawaelewa.

Miradi minne mitano iliyoshiba inatosha. Mkubwa uanze, mwingine mzuri ufunge, maana msomaji anakumbuka mwanzo na mwisho. Onyesha mchakato, ile michoro michafu ya kutafuta, modeli ya karatasi iliyokosewa, sio zile picha za kompyuta zinazong'aa peke yake, kwa sababu programu kila mtu anaweza kujifunza, sisi tunatafuta ulivyofikiri. Kama mradi mlifanya wengi sema wewe ulifanya kipi. Hilo watu wanaliruka alafu kwenye intavyuu wanaulizwa ngazi hii kwa nini imegeukia huku, kimya.

Wa muziki na maigizo mambo yenu ni majaribio ya jukwaani au rekodi. Rekodi ya sauti safi na chumba tulivu inashinda video yenye madoido.

Mimi ni mtu wa maandishi, potifolio yangu ni nini?

Sampuli ya maandishi. Mara nyingi wanataka kurasa kama 15 mpaka 25. Usiandike mpya, chukua insha yako bora kabisa uipige msasa wiki tatu. Bora iwe karibu na unachotaka kusoma, ila ukilazimika kuchagua kati ya insha nzuri ya mada nyingine na insha dhaifu ya mada yenyewe, tuma nzuri.

Barua za mapendekezo niwaombe nani? Bosi wangu ana cheo kikubwa

Cheo hakisomi barua. Muombe mwalimu aliyesahihisha kazi yako akaikumbuka, hata kama ni msaidizi tu. Barua ya mkubwa asiyekujua inakuwa mistari sita, "namfahamu kama kijana mwenye nidhamu", haina ubaya na haina msaada wowote. Wengi wanataka barua tatu kwa Marekani, mbili kwa Uingereza. Omba mapema, mwezi mmoja na zaidi, na mpe mwalimu wasifu wako, barua yako ya maelezo (ile ya kueleza unataka kusoma nini na kwa nini) na ile kazi aliyokusahihishia, maana kafundisha mamia toka hapo.

Mtihani wa GRE bado upo? Na IELTS?

GRE, ule mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya juu hasa Marekani, upo na toka Septemba 2023 umefupishwa, hauzidi masaa mawili, ila idara nyingi za insia zimeacha kuudai. Angalia ukurasa wa idara, sio wa chuo kwa ujumla. IELTS na TOEFL, vile vipimo vya kiingereza, matokeo yanahesabika miaka miwili tu kwaiyo usikimbilie kufanya mapema sana. Kama digrii yako ulisoma kwa kiingereza omba msamaha wa mtihani, vyuo vingi vinao, ila hawakupi usipouliza.

Pesa jamani. Nani analipa?

Tuseme ukweli: masta nyingi za insia na usanifu mtu anajilipia au anatafuta skolashipu ya nje ya chuo, PhD ndo zenye ufadhili wa chuo chenyewe. Marekani PhD nzuri inakuja na msamaha wa ada na posho, na wewe unafundisha madarasa ya mwaka wa kwanza au unasahihisha. Baadhi ya MFA zinalipa hivyo hivyo, zipo na zinagombaniwa. PhD ambayo unatakiwa ulipe mwenyewe miaka sita kwenye insia, mimi sikushauri, na najua nitaudhi watu.

Skolashipu kubwa za kufuatilia ni Fulbright kwa Marekani, Chevening na za Jumuiya ya Madola kwa Uingereza, DAAD kwa Ujerumani, na Erasmus Mundus ambayo unasoma kwenye vyuo vya nchi zaidi ya moja kwa digrii moja. Kila moja ina masharti yake na uyasome mpaka mwisho, kwa mfano Chevening inalipia masta ya mwaka mmoja, inataka masaa 2,800 ya uzoefu wa kazi, na ukimaliza unarudi kwenu angalau miaka miwili. Nyingi zinafunga karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, kwaiyo ukisubiri barua ya chuo ndo uanze kutafuta hela, hela imeshaondoka.

Hesabu pia gharama za studio. Mbao, karatasi, kuprinti, kompyuta yenye nguvu. Hizi haziandikwi kwenye ada na zinauma. Na mtu akikwambia ulipie ili upewe skolashipu, funga simu.

Dedilaini ni lini, na nikipata ofa mbili?

Marekani kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba dedilaini ni Desemba na Januari. Uingereza zinatofautiana, ila zenye ufadhili nazo zinaangukia Desemba mpaka Januari. Kuhusu ofa mbili, vyuo vingi vya Marekani vimesaini makubaliano ya kwamba mtu mwenye ofa yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Kwaiyo ukipigiwa simu Machi unaambiwa uamue kesho, taja hiyo tarehe kwa heshima tu na utaona sauti inabadilika.

PhD ni miaka mingapi kwa ukweli?

Uingereza mitatu mpaka minne, unaingia moja kwa moja kwenye utafiti, unaandika tasnifu ya maneno kama 80,000 mpaka 100,000, alafu unaitetea mbele ya watahini wawili. Marekani miaka kama miwili ya kozi, mitihani mikubwa ya kupima upana wako, ndo utafiti, jumla mitano mpaka saba na wa insia wengi wanavuka hapo. Wanaochelewa sio wavivu. Mara nyingi wanafundisha mno, au nyaraka zao ziko mbali, au, narudia wimbo wangu, walianza na mada badala ya swali na mwaka wa nne ndo wanagundua.

Naweza kufanya PhD kwa kubuni au kuchora badala ya kuandika?

Unaweza, inaitwa PhD ya kiutendaji, Uingereza, Australia na Finland wameiendeleza sana. Kazi ya sanaa au ubunifu inakuwa sehemu ya tasnifu na maandishi yanapungua, hayaishi. Wanaoichagua kukwepa kuandika wanajuta, kwa sababu unafanya kazi mbili, unatengeneza kitu alafu unaeleza kimegundua nini.

Ni lazima nijue lugha nyingine?

PhD nyingi za insia zinataka uweze kusoma lugha moja au mbili zaidi, historia ya sanaa kijadi ni kifaransa na kijerumani. Kusoma tu, na kamusi mara nyingi inaruhusiwa. Anza ukiwa kwenye masta.

Nimesikia studio ya usanifu watu hawalali

Wanakesha, ndio, na mimi nilikuwa najisifia kukesha, leo naona ulikuwa ujinga mtupu. Mwaka 2002 chama cha wanafunzi wa usanifu Marekani, AIAS, kilitoa ripoti nzima kuhusu huo utamaduni, na sasa programu zinazoidhinishwa na NAAB zinatakiwa kuwa na sera iliyoandikwa ya utamaduni wa kujifunza na kufundisha. Iombe uisome.

Kriti nazo, ile siku unabandika michoro ukutani watu wanahoji, zinatisha mara ya kwanza. Mgeni mmoja aliwahi kuchukua modeli yangu akaigeuza miguu juu akaniambia sasa ndo imekuwa nzuri, chumba kizima kikacheka. Nilinuna wiki. Alafu nikaichora ile hali iliyogeuzwa na ndo ikawa mradi. Ushauri mdogo: kabla hujasimama muombe rafiki aandike kila kinachosemwa, maana wewe ukiwa umesimama pale hutasikia kitu.

Naruhusiwa kutumia akili mnemba kuandika barua ya maelezo?

Kila chuo na sheria yake, soma. Kwa upande wa msomaji nakwambia tu kwamba msimu uliopita nilisoma barua tisa zenye sentensi ileile ya kwanza, kuhusu majengo kuwa mashairi ya zege. Tisa.

Kazi zipo? Au nitaishia kufundisha tu?

Kufundisha kwenyewe ndo kugumu, nafasi za kudumu za insia vyuo vya Marekani zilishuka sana baada ya 2008 na hazijarudi. Kwaiyo anayeingia PhD akiwa na mpango mmoja tu wa kuwa profesa namuomba awe na wa pili. Watu niliosoma nao wako makumbusho, nyaraka za taifa, uhifadhi wa majengo ya kale, uchapishaji, halmashauri za miji, mmoja yuko kampuni ya programu anabuni jinsi mtu anavyopita kwenye skrini na anasema anatumia yale yale ya mpangilio wa vyumba. Uhifadhi ni eneo zuri kwa mtu anayependa vyote viwili, mikono na nyaraka, na ndo sehemu ambayo msanifu na mwanahistoria wanakaa meza moja kila siku.

Lazima nimalize ndo nianze kujenga?

Francis Kéré alikuwa bado mwanafunzi wa usanifu Berlin alipojenga shule ya msingi ya kijiji alichozaliwa, Gando, Burkina Faso, ikaisha 2001. Digrii kaipata 2004, mwaka huo huo ile shule ikapata tuzo ya usanifu ya Aga Khan, na 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu duniani. Sasa usinielewe vibaya nikaambiwa nimekutuma uache darasa. Ninachotaka uone ni kwamba swali lake, watoto wasomeje kwenye darasa lisilochemka, alikuja nalo chuoni, hakupewa na mwalimu. Udongo wa pale pale, saruji kidogo, paa la bati lililonyanyuliwa juu ili hewa ya moto itoke.

Nina miaka 41, sio mkubwa mno?

Hapana. Kwenye insia saa ingine ni faida. Next.

Nikikataliwa naweza kuomba tena chuo hicho hicho?

Unaweza na hakuna anayekuwekea kinyongo. Andika kuuliza sababu, wengi hawatajibu, mmoja wawili watajibu. Mimi nilikataliwa na idara moja mara mbili, mara ya tatu wakanichukua, na ukiyaweka maombi yote matatu mezani gpa ni ileile, barua ni za watu walewale. Kilichobadilika ni aya ya pili ya barua ya maelezo. Mara mbili za mwanzo iliandikwa "ningependa kuchunguza historia ya majengo ya umma". Ya tatu ilianza na mlango wa nyuma wa jengo moja la posta, kwa nini kwenye michoro ya kwanza upo na kwenye jengo lenyewe umezibwa.